Matone ya damu katikati ya mwezi wakati unatafuta mtoto

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 32, naishi mkoa wa Tanga, nina mtoto mmoja wa miaka 6 niliyemzaa kwa upasuaji. Sindano ya mwisho ya uzazi wa mpango nilichoma miezi 13 iliyopita, na sasa ni mwezi wa nane mimi na mume wangu tunatafuta mtoto wa pili. Hedhi inakuja kila baada ya siku 28 hadi 30 na inakaa siku 4. Shida ni kwamba kati ya siku ya 13 na ya 15 naona matone ya damu, ya pinki au ya kahawia, siku moja au mbili. Miezi mitatu ya karibuni nimeona damu pia baada ya tendo la ndoa. Nimepigwa utrasaundi ya juu ya tumbo, nikaambiwa kizazi ni kizuri, ila homoni zimevurugika. Duka la dawa wamenipa vidonge vya norethisteroni vya miligramu 5, nimeze kimoja mara tatu kwa siku kila damu ikianza. Nikiona damu tunaacha kukutana mpaka ikate. Hii ni nini, na ndiyo inayonizuia kushika mimba?

Jibu

Marahaba. Kuna mambo mawili ambayo ningependa uyaache leo, kabla hata ya kipimo chochote, kwa sababu yenyewe yanaweza kuwa ndiyo yamekula miezi yako.

La kwanza ni vidonge vya kukausha damu. Norethisteroni ni homoni ya jamii ya projesteroni, jamii ileile ya dawa iliyokuwa ndani ya sindano yako. Ukiimeza kabla yai halijatoka, inaweza kulizuia lisitoke. Pia inaufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za mume zisipite kwa urahisi. Halafu ukiiacha, siku mbili tatu baadaye unatoka damu ambayo si hedhi ya kweli, ila wewe unaihesabu kama hedhi, na kalenda yote inaharibika. Ni dawa nzuri kwa mwenye hedhi nzito inayommaliza damu. Kwa mtu anayetafuta ujauzito, akaimeza siku ya 13, ni kama kutafuta mtoto huku umerudi kwenye uzazi wa mpango.

La pili ni kuacha kukutana kila unapoona tone. Mzunguko wako ni wa siku 28 hadi 30. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo kwako ni karibu siku ya 14 hadi ya 16. Mbegu ya mwanamume huweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku 5, lakini yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Siku za kushika mimba basi ni zile 5 kabla ya yai kutoka, pamoja na siku yenyewe. Tazama sasa: damu inakuja siku ya 13, mnatengana siku ya 13, 14 na 15. Mnakwepa siku bora za mwezi mzima, tena kila mwezi. Matone machache hayaziui mbegu wala hayazizuii kupita.

Najua kwa Waislamu lipo swali la kama damu hii ni hedhi au istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, na jibu lake linagusa swala, funga na tendo lenyewe. Hilo ni la sheikh wako, lakini usimwendee na maneno matupu. Mpelekee tarehe: hedhi ilianza lini, ikakata lini, matone yalianza lini na yalikaa kwa muda gani. Hukumu inategemea hesabu ya siku, na wanawake wengi huuliza bila hesabu hiyo.

Sasa damu yenyewe. Unazo damu mbili, si moja, na kila moja ina njia yake ya kuchunguzwa.

Ya katikati ya mwezi huenda ikawa ya yai kutoka. Yai linapokomaa, homoni ya estrojeni hupanda sana, kisha hushuka ghafla kwa muda mfupi kabla projesteroni haijashika nafasi. Katika upenyo huo ukuta wa ndani wa kizazi hukosa kitu cha kuushikilia, ukadondosha kidogo. Damu ya namna hii ni ya matone, haijazi pedi, ni ya pinki au kahawia, inakaa siku moja au mbili, na mara nyingine huja na maumivu madogo ya upande mmoja chini ya kitovu. Haina madhara. Maelezo yako yanafanana nayo, lakini kufanana hakutoshi, ithibitishe. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni kudhani kila mwanamke yai lake hutoka siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21, kwa hiyo damu yake ya siku ya 14 ina maana nyingine kabisa.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Chukua daftari. Siku ya 1 ni siku ambayo damu ya hedhi imetoka kwa wingi wa kawaida, si ile ya matone yanayotangulia. Kila siku andika: namba ya siku, damu (tone, au pedi ngapi), rangi, ute, maumivu na upande wake, kama mmekutana, na dawa yoyote uliyomeza, hata ya miti shamba. Kuanzia siku ya 11 tumia vijiti vya mkojo vinavyopima homoni ya kupevusha yai. Maduka makubwa ya dawa mijini huviuza. Pima mchana au jioni, muda uleule kila siku, na usinywe maji mengi katika saa mbili kabla ya kupima, maana mkojo mwepesi huficha majibu. Mstari wa kipimo ukikolea sawa na ule wa kulinganishia au zaidi, yai hutoka ndani ya saa 24 hadi 36 hivi. Usipopata vijiti, angalia ute: ukivutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku, siku zenyewe zimefika. Matone yakiangukia siku moja au mbili kuzunguka kijiti kuwa chanya, miezi miwili mfululizo, tunaweza kusema kwa uhakika mzuri kwamba ni ya yai. Na yakianguka nje ya hapo, basi tunatafuta kwingine.

Damu ya baada ya tendo la ndoa ndiyo inayonifanya nisikuambie usubiri miezi miwili ya daftari. Hiyo mara nyingi hutoka kwenye mlango wa kizazi, na utrasaundi ya tumboni haiuoni mlango wa kizazi kwa namna ya kutusaidia hapa. Kinachouona ni jicho la mtu. Mhudumu anaingiza spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, anawasha taa, anatazama. Dakika tano. Inaniuma kuona wanawake wamelipia utrasaundi tatu na makaratasi ya homoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwatazama kwa spekulamu. Anzia hapo, kwenye kituo cha afya chochote chenye kliniki ya uchunguzi wa mlango wa kizazi. Nenda siku ambayo huna hedhi, na siku mbili kabla usiweke chochote ukeni.

Anaweza kukuta utando laini mwekundu wa ndani ya njia ya mlango umetokeza nje. Watu huuita kidonda cha kizazi, na wengi wametibiwa kidonda ambacho hakipo. Ni hali ya kawaida kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hutoka damu ukiguswa na haizuii mimba. Anaweza kukuta kinyama kidogo kinachoning'inia mlangoni, yaani polipu. Mara nyingi huondolewa palepale na kupelekwa maabara. Au akakuta mlango umevimba, una usaha, unatoka damu ukiguswa na pamba. Huo ni uambukizo, na wanaoshukiwa kwanza ni klamidia na kisonono. Hapa usilegee, maana wadudu hao wakipanda juu wanaharibu mirija, na mirija ikiziba ndipo mimba inakosekana kweli au inatunga nje ya kizazi. Tiba ya klamidia ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, lakini kwa kuwa unatafuta mimba, pima mkojo kwanza: ukiwa mjamzito unapewa azithromaisini badala yake. Kisonono kina dawa yake, kwa kawaida sindano ya seftriaksoni. Mume anatibiwa siku hiyohiyo hata kama hana dalili, na hamkutani mpaka wote mmemaliza dozi na siku 7 zimepita. Kumtibu mke peke yake ni kazi bure. Ugonjwa unarudi wiki ileile.

Siku hiyohiyo omba upimwe saratani ya mlango wa kizazi. Kama umeshapita miaka 30 na hujawahi kupimwa, umechelewa tayari, hata usingekuwa na damu. Kituoni hupaka mlango asidi hafifu, ndugu wa siki, wanasubiri dakika moja, wanaangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Palipo na kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, hicho ni bora zaidi. Kwa anayeishi na VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri aanze akiwa na miaka 25. Mabadiliko yakikutwa mapema hugandishwa au kuunguzwa bila kukutoa kizazi. Na iwapo mhudumu anaona uvimbe au kidonda cha kweli, kipimo cha siki hakitoshi: anatakiwa akate kipande kidogo kikapimwe maabara.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nje hulitaja kwa mstari mmoja, na kwetu linastahili zaidi: kichocho. Je, utotoni ulioga mtoni au bwawani, ulichota maji kwenye madimbwi, ulilima mpunga ukiwa ndani ya maji? Uliwahi kukojoa damu? Kichocho cha mkojo kipo ukanda wa pwani, Unguja na Pemba, maeneo ya Kanda ya Ziwa, na upande wa Kenya kuanzia Kwale mpaka Tana River. Watu wanadhani kinaishia kwenye kibofu. Mayai ya minyoo yake hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, yakaacha mabaka ya manjano kama chembe za mchanga na mishipa midogo inayovuja damu ukiguswa. Huweza pia kufika kwenye mirija. Mwanamke anatoka damu baada ya tendo, anatibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, ndoa inaingia maneno, na kumbe ni maji ya mtoni ya miaka ishirini nyuma. Mkojo unaweza usioneshe yai hata moja wakati mlango umejaa, ingawa bado unafaa kupimwa: utoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi, na matone ya mwisho ya mkojo yawemo kwenye chombo. Mwambie mhudumu neno kichocho kwa mdomo wako, ili ayatafute hayo mabaka. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja, baada ya kula. Mwenye kilo 60 anapata miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600. Inaua minyoo, lakini mabaka ya zamani yanaweza kubaki, kwa hiyo kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyookoa zaidi.

Mlango ukiwa safi, tunaingia ndani ya kizazi. Hapa utrasaundi inafaa, ila iwe ya njia ya uke, kibofu kikiwa kitupu, na siku yake ni ya 5 hadi ya 10, mara hedhi inapokwisha. Sababu ni moja: siku hizo ukuta wa ndani ni mwembamba, kinyama au uvimbe hauna pa kujificha. Ukienda siku ya 22 ukuta umenenepa, na polipu ya sentimita moja inapotea humo ndani kabisa. Mwandishi wa ripoti ataandika kizazi kizuri bila kudanganya.

Polipu ya ndani ya kizazi inastahili kutafutwa kwa mtu kama wewe. Ni nyama laini, mara nyingi si saratani, lakini husababisha matone katikati ya mwezi na huweza kuzuia mimba isishike. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2005 uliwagawa wanawake wenye polipu waliokuwa wakisubiri kupandikizwa mbegu: walioondolewa polipu kwanza, karibu 63 kati ya 100 walipata mimba, walioachwa nazo, 28 kati ya 100. Kama utrasaundi ina shaka, kuna njia ya kuingiza mililita chache za maji safi ya chumvi kizazini huku wakitazama. Maji yanautenganisha ukuta na polipu inaonekana imesimama. Kuondoa hufanywa kwa kamera nyembamba inayopita ukeni, katika hospitali kubwa. Kukwangua kizazi bila kuona, kwa ajili ya polipu, sikupendekezei: mara nyingi polipu inabaki, na ukuta unaweza kupata makovu. Uvimbe wa fibroidi nao, ule unaochomoza ndani ya nafasi ya kizazi ndio wenye hesabu kwako. Ulio nje, hata ukiwa mkubwa kidogo, hauleti matone haya.

Halafu una kovu la upasuaji. Wengine kovu hilo halijai vizuri, panabaki kishimo upande wa ndani, damu ya hedhi inajikusanya humo na kuvuja taratibu. Alama yake ni damu ya kahawia inayoendelea siku kadhaa baada ya hedhi kuisha. Yako inakata siku ya 4 na kurudi ya 13, kwa hiyo sikipi nafasi ya kwanza, lakini mwombe anayepiga utrasaundi apime kovu: kina cha kishimo na unene wa msuli uliobaki juu yake. Akikuta kina cha milimita 2 au zaidi, daktari bingwa wa wanawake alione.

Kuhusu homoni kuvurugika: neno hilo limekuwa jibu la kila kitu, na wewe hujaonyeshwa kipimo kimoja kinacholithibitisha. Mwanamke ambaye hedhi inamjia kila siku 28 hadi 30 bila kukosa, uwezekano mkubwa yai lake linatoka. Sindano nayo imeshaisha mwilini; kwa wastani uwezo wa kushika mimba hurudi kama miezi 10 baada ya dozi ya mwisho, na mizunguko yako tayari imenyooka. Usilipie karatasi ndefu ya homoni kumi. Yanatosha machache: TSH kwa ajili ya tezi ya shingo, prolaktini kama unatoka maziwa bila kunyonyesha au unatumia dawa kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika, wingi wa damu, na ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita utibiwe upungufu. Ukitaka uhakika wa yai, pima projesteroni siku 7 kabla ya hedhi unayoitarajia. Kwako ni siku ya 21 hadi ya 23; kwa mwenye mzunguko wa siku 35 ni siku ya 28. Ikizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Na klomifeni usinunue mwenyewe dukani; dawa ya kusukuma yai haina kazi kubwa kwa mtu ambaye yai linatoka lenyewe.

Vivyo hivyo dawa za kusafisha kizazi na vile vifundo vya kuweka ukeni. Vinaunguza utando, unatoka ngozi na majimaji, unaambiwa uchafu unatoka. Vikiwemo kwenye daftari lako, huenda tumepata chanzo cha damu pasipo kipimo.

Mume wako apimwe mbegu sasa, si baada yako. Kuwa na mtoto wa miaka 6 hakumwondolei. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imekaa karibu na mwili isipoe. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na zinazotembea asilimia 42. Picha ya mirija ya eksirei yenye dawa inakuja baadaye, siku ya 6 hadi ya 10, damu ikiwa imekata na uambukizo umetibiwa. Kuisukuma dawa kwenye kizazi chenye usaha kunapandisha ugonjwa juu. Kwa umri wa chini ya miaka 35 kwa kawaida tunasubiri mwaka mzima kabla ya picha hiyo, na kwa aliyefika 35 miezi 6. Uambukizo ukikutwa kwako, hatusubiri.

Huku ukifanya haya, kutaneni kila siku au siku moja baada ya nyingine kuanzia siku ya 10 hadi ya 17, isipokuwa kama mnatibiwa uambukizo, hapo msubiri kama nilivyosema. Meza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku tangu sasa. Kidonge cha miligramu 5 kinachouzwa sana madukani ni kwa wenye sababu maalumu, kama dawa za kifafa, kisukari, au mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi.

Na weka kipimo cha mkojo cha ujauzito nyumbani. Hedhi ikija nyepesi kuliko kawaida au nje ya tarehe zake, pima kabla ya kuiita hedhi, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi hutoa matone kama haya unayoyajua. Kipimo kikiwa chanya na kuna maumivu ya upande mmoja, au maumivu ya bega, au kizunguzungu cha kuanguka, usisubiri asubuhi wala zamu ya daktari wako. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo. Vilevile ukijaza pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, uwe umepima au hujapima.